Mrusi wa Nta na Dhabu wa Jangwani

Ninyi mnaojifunza sasa kazi ya kutunza vielelezo, yaani wanyama waliokufa ambao hatutaki waendelee kufa, mmeniomba niwaeleze niliyoyaona Doha. Nadhani mlitarajia nianze na sayansi. Nitaanza na baridi, kwa sababu nilipokuwa kule baridi ndiyo iliyotuajiri sote.

Doha ni mji wa joto ambao wenyewe wamekata shauri kuishi ndani ya baridi. Kiyoyozi pale si chombo, ni cheo. Karani hukaa katika chumba cha kawaida. Mkuu wa idara hukaa mahali ambapo mgeni hujikunyata. Na mkurugenzi anayejiheshimu hukupokea katika ofisi ambamo chai hupoa kabla hujauliza hali. Sweta yangu nzito ya kwanza maishani sikuinunua Limuru mwezi wa Julai. Niliinunua katika duka dogo la Al Mansoura nilikokuwa nikiishi, nje lami ikilainika kwa jua, na muuza duka hakuonyesha mshangao wowote. Aliniuliza tu nafanya kazi ofisi ya nani.

Nilikuwa mtunza vielelezo katika jumba binafsi la makumbusho la nyoka, kobe na mijusi, pembeni mwa mtaa wa Fereej Bin Mahmoud. Jumba lilikuwa mali ya Mkatari mmoja mwenye uwezo, mtu mzima wa maneno machache, ambaye sote tulimwita Mudiri, yaani mkurugenzi. Alipenda wanyama watambaao tangu utotoni, na alikuja kututembelea mara chache sana, kwa sababu kila alipotangaza kuja tulipaka kuta rangi na harufu ile ilimuumiza kichwa.

Kabla sijafika kwenye kisa chenyewe, shikeni mambo mawili ya kazi.

La kwanza ni lebo. Lebo ya kielelezo huandikwa kwa penseli, hufungwa mwilini kwa uzi wa pamba, na huzama pamoja na mnyama ndani ya spiriti. Penseli haiogopi spiriti, wino huiogopa. Bi. Adhiambo, aliyenifundisha kazi hii Nairobi, alikuwa akipita nyuma yetu na kututoa kalamu za wino masikioni kama mama anayewatoa watoto kamasi. Kule Doha tulipata mtu aliyeitwa Mshauri Mkuu, kutoka Ulaya, ambaye aliona penseli ni umaskini. Akaagiza lebo zilizochapwa kwa wino wa rangi ya dhahabu. Baada ya wiki chache tulikuwa na chupa nzuri sana za spiriti yenye rangi ya chai ya rangi, na ndani yake nyoka wasiojulikana. Mshauri Mkuu aliandika katika ripoti yake kwamba spiriti ilikuwa mbovu.

La pili ni hiyo spiriti yenyewe. Mkifanya kazi nchi ambayo kileo kina masharti, msidhani chuo chenu kitawasaidia. Niliwahi kwenda forodhani kufuatilia mapipa yetu, na afisa kijana, mwenye adabu kabisa, akaniuliza:

"Dada, nani atakunywa hii?"

"Hakuna atakayekunywa. Ni ya nyoka."

"Nyoka wanakunywa?"

"Hapana, tunawatia ndani yake."

Alinitazama kwa huruma. "Wakiwa hai?"

"Wakiwa wamekufa."

"Wamekufa kwa kunywa?"

Mapipa yalibaki forodhani. Wakati ule nililalamika sana. Leo namwombea heri afisa yule, na mtaona kwa nini.

Sasa, Mrusi. Mudiri alikuwa amesoma mahali fulani habari za mwanachuoni mmoja wa Urusi wa karne ya kumi na tisa, aliyeyatoa maisha yake kwa wanyama watambaao. Jina lake sitalitaja. Wazao wake hawajanikosea. Alisomea udaktari, akiwa kijana akasafiri hadi Algeria, akaona jua na mijusi ya jua, kisha akarudi katika jiji lake la theluji na hakuondoka tena. Miaka yote iliyobaki aliketi katika jumba la makumbusho akipokea chupa kutoka kwa wasafiri waliovuka majangwa ya Asia, na kutoka ndani ya chupa hizo akaandika vitabu vinene juu ya kobe, nyoka na mijusi ambao wengi wao hakupata kuwaona wakipepesa jicho. Nilimpenda mtu huyo. Kuna unyenyekevu katika kuhesabu magamba ya mnyama ambaye huna nafasi ya kukutana naye.

Mudiri alitaka maonyesho juu ya maisha na kazi ya Mrusi huyo. Mshauri Mkuu akapewa kazi, akaja na slaidi. Kwa kuwa hakujua mengi juu ya Mrusi, alipendekeza sanamu yake ya nta, ya kimo cha mtu, yenye ndevu, koti la manyoya na chupa mkononi. Kwa kuwa sanamu ya nta huogopa joto, alipendekeza ukumbi uwe baridi. Na kwa kuwa ukumbi ungekuwa baridi, alipendekeza wageni wapewe makoti mlangoni ili wahisi wako Urusi. Theluji ya karatasi ilimwagwa sakafuni. Mbele ya Mrusi, ndani ya sanduku la kioo lenye mchanga, akawekwa dhabu aliye hai, kuwakilisha jangwa ambalo mwanachuoni aliliota.

Dhabu ni mjusi mkubwa wa jangwa la Arabuni, mzito kama mtoto mchanga, mwenye mkia wa miiba. Hula majani. Akiwa kwenye jua kali huwa wa manjano na mchangamfu. Akipoa huwa mweusi-mweusi na mzito. Akipoa zaidi hulala kama jiwe. Nilimwandikia Mshauri Mkuu kwamba mnyama huyu na nta hawawezi kuishi chumba kimoja. Nayaweka mazungumzo yetu hapa kwa lugha yetu, ingawa yalikuwa kwa Kiingereza.

"Ana taa zake," alinijibu.

"Zile taa ni za kisasa, hazitoi joto."

"Ndiyo sababu nikazichagua," akasema, na akafurahi kwamba tumekubaliana.

Mlinzi wa ukumbi aliitwa Wafula, Mkenya mwenzangu kutoka Kimilili. Alikuja kila asubuhi kwa basi la kampuni kutoka Industrial Area, huko walikolala wengi chumba kimoja, akavua shati lililolowa jasho, akavaa sweta mbili na koti moja kati ya yale ya wageni. Aliwaogopa wanyama wote wasio na manyoya.

"Madam Mwende," aliniambia siku ya kwanza, akiwa amesimama mbali na kioo, "huyu kenge wenu ananiangalia tangu asubuhi. Hata hapepesi."

"Si kenge, Wafula. Ni dhabu. Anakula majani kama mbuzi."

"Mbuzi gani ana mkia kama rungu ya misumari?"

Nilimpa jukumu la kumtilia mnyama jarjir, yale majani makali yanayouzwa kwa mafungu kila duka la mboga kule. Alimtupia kwa mbali, kama mtu anayelipa kodi. Lakini alimtupia kila siku, na siku moja nikamkuta akimsemesha kwa Kibukusu. Nilipoingia akageuka na kukohoa.

Wiki ya ufunguzi, viyoyozi viliongezwa nguvu, maana pua ya Mrusi ilikuwa imeanza kung'aa. Asubuhi moja Wafula alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Madam, njoo. Huyu mtu amelala vibaya."

Nilikimbia. Dhabu alikuwa mweusi kama mkaa, tumbo limelala mchangani, miguu imelegea, jarjir ya jana haijaguswa. Mshauri Mkuu alikuwa amekwisha kufika na kumgusa kwa kalamu. Niliomba nimshike. Mwili wake ulikuwa baridi kama kopo la soda. Sikuhisi moyo, lakini moyo wa mjusi baridi hupiga kwa uvivu mno kiasi cha kumdanganya hata daktari. Niligusa ukope wake kwa ncha ya kidole. Nilidhani ulijivuta kidogo. Nilidhani; vijana, sikuwa na hakika.

"Tumpashe joto kwanza," nikasema. "Ndiyo kanuni. Mtambaazi haandikiwi kifo akiwa baridi."

"Mudiri amekwisha kuarifiwa," akasema Mshauri Mkuu.

"Basi aarifiwe tena."

Alinitazama kana kwamba nimependekeza tumvue nguo mgeni wa heshima. Mtakapoajiriwa mtaielewa sheria hii, ambayo haimo katika vitabu vya elimu ya wanyama: taarifa ikishapanda juu, haishuki. Dhabu alikuwa amekufa ofisini, na mwili wake haukuwa na mamlaka ya kupinga.

Ilibaki kutafutwa sababu ya kifo. Baridi haikuweza kuwa sababu, kwa kuwa ilikuwa katika mkataba. Ndipo Mshauri Mkuu alipoliona jani la jarjir.

"Mlinzi amemlisha mnyama kitu kisichofaa."

"Ni mimi niliyemwambia amlishe. Ndicho chakula chake."

"Swali si nani aliyesema. Swali ni nani aliyekuwa zamu."

Ikaamuliwa kwamba Wafula atavunjiwa mkataba na kurudishwa nyumbani siku itakayofuata ufunguzi, ili asiharibu sherehe. Dhabu naye angebaki ndani ya kioo wakati wa sherehe kama kielelezo, kwa kuwa alionekana vizuri, kisha aingie kwenye chupa spiriti itakapotoka forodhani. Sanduku lilifungwa, ufunguo ukaingia mfukoni mwa Mshauri Mkuu. Kama yule afisa asingeuliza nani atakunywa, dhabu angekwisha kuwa achari siku hiyo hiyo.

Nilimkuta Wafula ameketi juu ya theluji ya karatasi.

"Madam, mimi nimekwisha. Nitawaambia nini watu wa Kimilili? Wengine wanafukuzwa Arabuni kwa kupigana, kwa kupenda, kwa dini. Mimi nimefukuzwa kwa kuua mjusi. Na nilikuwa nimemzoea!"

"Pengine hajafa."

Aliinuka. "Pengine?"

"Ukimpa joto la kutosha, tutajua."

"Basi nivunje hiki kioo."

"Ukivunja kioo utakuwa umeua mjusi na kuvunja kioo. Tulia. Kesho kutakuwa na televisheni."

Hapa ndipo nilipofanya kazi bora ya kisayansi katika maisha yangu, na haimo katika wasifu wangu. Wapiga picha wa televisheni walikuja na taa zao za miguu mitatu, zile kubwa za zamani zinazounguza nyusi. Nilimwendea mwenye kuzipanga nikamwambia, kwa sauti ya mtu aliyesoma sanaa, kwamba Mrusi huonekana vizuri zaidi akimulikwa kupitia kioo cha dhabu. Alinishukuru. Taa mbili zikaelekezwa pale. Lakini mnyama wa uzito ule hapati joto kwa dakika za kukata utepe. Alihitaji muda mrefu wa jua. Taa zingewaka maadamu kuna mtu anayehutubia. Kwa hiyo nilihitaji hotuba ndefu, na Mungu alikuwa amenipa Mshauri Mkuu.

Mudiri aliingia na wageni wake, wote ndani ya makoti juu ya kanzu nyeupe. Mshauri Mkuu akaanza. Alimzaa Mrusi, akamsomesha, akamfikisha kwenye ulezi wa makumbusho, akaelekea kumzika. Wapiga picha wakanyoosha mikono kuzima taa. Niliinua mkono.

"Samahani. Naomba Mshauri Mkuu atueleze zaidi juu ya safari ya Algeria."

Hakujua chochote juu ya safari ya Algeria, jambo lililoifanya iwe ndefu. Kulikuwa na ngamia, dhoruba ya mchanga na chifu mwenye busara. Nilimtazama dhabu. Mweusi. Alipomaliza, nikauliza juu ya kobe. Akatupa kobe. Nikauliza juu ya nyoka wa milki ya Urusi. Akatupa nyoka, mmoja baada ya mwingine, na mgeni mmoja akakaa sakafuni juu ya theluji. Wafula alikuwa amesimama wima karibu na kioo, midomo ikichezacheza. Sijui kama alikuwa anaomba au anamsemesha dhabu.

Ilikuwa katikati ya nyoka nilipoona mgongo wa dhabu. Weusi ulikuwa umepauka. Chini yake, kama mwanga nyuma ya pazia, manjano yalikuwa yanapanda.

"Na mijusi?" nikauliza. "Hatujasikia juu ya mijusi."

"Madam," Mudiri akasema polepole, "umeuliza mengi."

Wafula akanyoosha kidole. Lakini hakukielekeza kwa dhabu, alikielekeza juu.

"Bosi," akanong'ona, "huyu mzee anatoka pua."

Tuligeuka wote. Taa zile zilikuwa zimepita kwenye kioo na kumfikia Mrusi. Pua yake ilikuwa imerefuka hadi kwenye sharubu, na sharubu zilikuwa zimeanza safari ya kwenda kidevuni. Mshauri Mkuu alipiga ukelele, "Zima!" Na katika mtafaruku ule, kabla mtu hajagusa swichi, ikasikika chafya ndogo, kavu.

Dhabu hutoa chumvi ya mwili kwa kupiga chafya. Juu ya kioo, kwa ndani, palikuwa na matone meupe. Nyuma ya matone palikuwa na jicho moja, limefunguka, likiutazama umati kwa dharau ya mtu aliyeamshwa kwa kelele.

Wafula aliruka nyuma, akamkanyaga mgeni mguu, akapaza sauti kwa Kiswahili chetu: "Amefufuka! Si niliwaambia! Huyu hakuuliwa na majani!"

Mudiri alilikaribia lile sanduku la kioo. Alichutama, mzee mzima na kanzu yake, akamtazama dhabu kwa muda mrefu. Kisha akavua koti.

"Nilikamata wengi nikiwa mtoto, pamoja na babu yangu," akasema. "Asubuhi za baridi unamwokota kama jiwe. Jua likitoka, anakuuma." Aligeuka. "Nani amemweka dhabu kwenye friji?"

Jibu lilikuwa katika mkataba, na sahihi yake mwenyewe Mudiri ilikuwa chini. Akacheka yeye mwenyewe kwanza, kisha wageni, kisha sisi wenye mishahara. Mshauri Mkuu alicheka mwisho, na kwa kuwa hakuwa mjinga, alipomaliza kucheka akamweleza mwandishi wa televisheni kwamba kuamka kwa mjusi mbele ya mwanachuoni aliyemtamani ndiyo ilikuwa dhana nzima ya maonyesho.

Sikumpinga. Nilimsogelea na kumwambia polepole: "Basi Wafula naye alikuwa sehemu ya dhana."

Alinitazama, akaitazama ile pua iliyoning'inia, akamtazama Mudiri anayecheka. "Bila shaka," akasema. "Sehemu muhimu."

Hivyo ndivyo mkataba wa Wafula ulivyofufuka. Uamuzi wa kumvunjia haukufutwa, maana taarifa haishuki. Iliandikwa nyingine juu yake, kwamba mlinzi amepandishwa na kuwa mlezi wa dhabu. Alinijia na barua ile mkononi, amepauka.

"Madam, umeniokoa nisirudi nyumbani. Asante. Sasa umenifungia na kenge."

"Si kenge, Wafula."

Ukumbi uliwekewa joto. Mrusi alitengenezewa pua na kushushwa ghalani chini ya jumba, kwenye baridi, mahali ambapo nadhani hakuwa mgeni. Kabla sijaondoka Doha kwa mara ya mwisho nilishuka kumuaga. Nilisimama mbele ya yule mtu aliyeandika maisha yake yote juu ya wanyama wa kwenye chupa, nikaona ni haki ajulishwe. Nikamwambia kwamba dhabu wa juu amefungua jicho, na kwamba lilikuwa na rangi ya kahawia yenye mng'ao, ambayo spiriti huifuta kwanza kabisa.

Wageni bado wanapewa makoti mlangoni, kwa kuwa yalikwisha kununuliwa. Wanayavaa katika joto la jangwa, wanatoka jasho, na wanaambiwa hiyo ndiyo Urusi. Wafula hunitumia habari hadi leo. Ya majuzi ilikuwa picha ya paja lake lenye michubuko, na chini yake maneno haya: "Madam, amenipiga na mkia tena asubuhi hii, nikimpa jarjir. Ana nguvu sana. Nadhani ameanza kunipenda."